Karata 78 za mgeni: za Firauni au za barazani?

"Assalaam alaykum. Nafanya kazi ya usafi katika nyumba ya wageni huku Jambiani. Wiki mbili zilizopita mgeni aliondoka akasahau pakiti ya karata chini ya mto. Si karata tulizozizoea. Ni kubwa, ziko 78, zina picha za watu, na moja ni mifupa iliyopanda farasi mweupe, juu imeandikwa XIII na chini DEATH. Mwenzangu wa zamu anasema hizo ni taroti, zilitengenezwa na makuhani wa Firauni, zikapelekwa Ulaya na Wajipsi, na kwamba anayezigusa ameshafungua mlango. Anataka tuzichome. Mimi nimezifunga kwenye kanga, zimo kabatini kwangu, na tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Linalonitisha zaidi ni la mdogo wangu. Yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Kuna mtu kwenye simu 'alimfungulia karata', akamtumia picha, ikatoka hiyo hiyo ya kifo, akaambiwa baba yetu hamalizi mwaka asipotuma pesa ya kinga. Ameshatuma mara mbili. Karata hizi ni kitu gani hasa? Zina nguvu? Nizifanye nini?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeniletea mambo mawili ndani ya kanga moja. Kuna pakiti ya mgeni, na kuna mdogo wako. La mdogo wako ndilo la haraka, kwa hiyo nalitanguliza kwa ufupi na nitalirudia chini: asitume hata baisa moja zaidi, na asifute ujumbe wowote wa huyo mtu.

Sasa tufungue kanga.

Ulichonacho ni mchezo. Ulibuniwa Italia ya kaskazini katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, ukachezwa na mabwana wa majumba makubwa, baadaye na wauza mvinyo na maaskari, na mpaka leo unachezwa. Ramli ilikuja kupachikwa juu yake karibu miaka 300 baadaye. Firauni hayumo kabisa. Misri imo, ila si kwa njia anayoidhani mwenzako, na hapo ndipo hadithi yenyewe inapokuwa tamu kwa msemaji wa Kiswahili.

Mimi nimekulia nyumba ambayo baraza yake haikukosa karata. Ikishapita alasiri mjomba alikuwa akichanga, jirani anakata, na mchezo ulikuwa wahedi wa sitini, ule wa kufikisha 61. Mtu akiishiwa rangi iliyotangulia, na mkononi ana turufu, yaani karata inayokula rangi nyingine, haiweki chini kama karata nyingine. Anaipiga. Mkeka unalia, kikombe cha kahawa kinaruka, na aliyekuwa anajiona keshakula anabaki kuitazama ree yake, ile karata ya moja, inakwenda.

Neno hilo, turufu, tulilichukua kwa Wareno waliokaa pwani yetu tangu mwisho wa karne ya 15 hadi Ngome ya Yesu ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Wao husema trunfo. Na trunfo imetoka katika Kiitaliano, trionfo, wingi wake trionfi, maana yake ushindi, hasa ule wa shangwe ambapo mshindi anaingia mjini juu ya gari la farasi na msafara nyuma yake. Basi hilo trionfi ndilo jina la kwanza la karata zilizomo kabatini kwako. Neno tarocchi, lililozaa taroti, linaonekana kwenye maandishi mwanzoni mwa karne ya 16 tu. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 60, watu walisema karata za trionfi. Karata za turufu.

Ushahidi wa zamani kabisa ni wa mwezi Septemba 1440. Mwandishi wa hati mmoja wa Toscana, Giusto Giusti, aliandika katika shajara yake kwamba amemzawadia Sigismondo Malatesta, bwana wa Rimini, pakiti nzuri aliyoiagiza Firenze, imechorwa nembo ya bwana huyo, na imemgharimu dukati nne na nusu. Aliiitaje? Naibi a trionfi. Yasome maneno hayo polepole. La pili umeshalijua. La kwanza nalo unalijua, ni vile tu hujalizoea kulikuta hapo: ni naibu.

Hapa ndipo Misri inapoingia. Karata zilifika Ulaya katika miaka ya 1370, na zilitoka kwa Waislamu, katika dola ya Wamamluki iliyotawala kutoka Kairo. Mwezi Machi 1377 baraza la Firenze lilipiga marufuku mchezo mpya ulioingia mjini unaoitwa naibbe. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, zimehifadhiwa karata 47 za pakiti moja ya Kimamluki. Zina urefu wa sentimita 25 hivi, na zimenakshiwa kwa dhahabu na buluu bila sura ya mtu hata moja. Kila rangi ina vyeo vitatu vilivyoandikwa kwa Kiarabu: malik, kisha na'ib malik, yaani naibu wa mfalme, kisha naibu wa pili. Waitalia na Wahispania walilisikia neno la naibu likirudiwarudiwa wakaligeuza jina la mchezo mzima. Mhispania mpaka leo karata huziita naipes. Sisi neno tulilipata moja kwa moja kwa Waarabu, tukalipeleka ofisini na bungeni.

Kwa hiyo ndiyo, kuna Misri. Lakini ni Misri ya misikiti na masoko ya Kairo, si ya piramidi. Kati ya Firauni wa mwisho na pakiti ile ya Topkapı imepita zaidi ya miaka elfu moja na mia nne.

Na hapa nitakuomba uifungue kanga kweli, uzitandaze kitandani, maana muundo wake ukiuona kwa macho hofu hupungua kuliko kwa maneno yangu. Ukizipanga utapata makundi mawili. Kundi kubwa lina karata 56: rangi nne, kila rangi karata 14, kuanzia moja hadi kumi na juu yake picha nne za watu wa ikulu, yaani mtumishi kijana, mpanda farasi, malkia na mfalme. Alama za rangi hizo ni vikombe, sarafu za dhahabu, panga na fimbo. Zimerithiwa kwa Wamamluki isipokuwa kitu kimoja: wao fimbo zao zilikuwa za mchezo wa polo, na Waitalia ambao polo hawakuwa wakiijua wakachora fimbo tu.

Vikombe, dhahabu, panga, fimbo. Wewe kwenye karata za kawaida unasemaje? Kopa, uru, shupaza, pao. Copas kwa Kireno ni vikombe. Ouros ni dhahabu. Espadas ni panga. Paus ni fimbo. Karata tunazonunua dukani zina michoro ya Kifaransa iliyobuniwa mwishoni mwa karne ya 15: moyo, almasi, jani na ua. Macho yanaona moyo mwekundu na mdomo unasema kikombe. Bibi yako aliyeita "kopa!" pale barazani alikuwa akitaja alama ya taroti, na hakuna aliyemwambia amefungua mlango wowote.

Kundi la pili ni karata 22. Hizi ndizo zilizokutisha, na hizi ndizo uvumbuzi wa Waitalia. Katika 22 hizo, 21 ni turufu zenye namba na moja ni Mpumbavu. Huyu si turufu wala si rangi: ukibanwa unamtoa yeye, unasamehewa kufuata, kisha unamrudisha kwenye lundo lako. Zile 21 kazi yake ni moja: zinakula rangi zote nne, na zenyewe kwa zenyewe kubwa inakula ndogo. Wazo la kuchagua rangi mojawapo ya kawaida kuwa turufu, kama tufanyavyo sisi, lilifuata baadaye, na lilipoenea likachukua lile jina la trionfi. Ndiyo maana mchezo wa awali ulilazimika kutafuta jina jipya.

Sasa, kama unabuni karata 21 na unataka mchezaji akumbuke ipi inaila ipi, utachora nini? Karata za mwanzo hazikuwa na namba wala maandishi, kila mtu alikariri. Waliobuni wakachora msafara ambao kila Mkristo wa Italia wa wakati ule aliuelewa bila kufundishwa. Mbele wanatangulia watu wa dunia: mfanya mazingaombwe wa sokoni, malkia na mfalme wa milki, Papa wa Roma. Wanafuata wanaowashinda hao: mapenzi, gurudumu la bahati linalompandisha huyu na kumshusha yule, uzee. Kuna yule mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, ambaye leo anapewa maana nzito nzito. Kwa Waitalia wa karne ile alikuwa msaliti tu, kwa sababu miji yao ilikuwa na desturi ya kuwachora wasaliti ukutani wakining'inia kichwa chini ili waaibike. Halafu Kifo. Baada ya Kifo yanakuja yasiyokufa: shetani na moto wake, nyota, mwezi, jua, malaika na parapanda ya kiyama, dunia mpya. Kifo kiko namba 13, katikati ya njia, kwa kuwa kinamla Papa na mfalme lakini kinaliwa na nyota. Ni kanuni ya mchezo, na ni mahubiri pia. Mshairi Petrarca alikuwa ameshaandika mashairi ya mpangilio kama huo katika karne ya 14: mapenzi yanashindwa na usafi wa moyo, usafi unashindwa na kifo, kifo kinashindwa na sifa njema, sifa inashindwa na wakati, na wakati unashindwa na milele.

Pakiti maarufu kuliko zote za zamani ni ile ya familia za Visconti na Sforza, watawala wa Milano, iliyochorwa karibu mwaka 1450 kwa rangi na jani la dhahabu. Zimebaki karata 74, zimegawanyika kati ya maktaba ya Morgan kule New York, jumba la Accademia Carrara la Bergamo na familia moja ya huko huko Bergamo. Kati ya nne zilizopotea, moja ni Shetani. Watu wa simulizi za mizimu wanaipenda sana habari hiyo. Hawataji kwamba nyingine iliyopotea ni mpanda farasi wa sarafu, ambaye hajamtisha mtu yeyote.

Utauliza, mapadri hawakuzipinga? Walizipinga. Lipo hubiri la Kilatini la karne hiyo hiyo ambalo mhubiri anazitaja turufu zote 21 kwa majina akizilaani. Lakini kosa analolitaja ni kamari, pamoja na dado na karata za kawaida, na ni aibu ya kumweka Papa kwenye meza ya kuchezea. Uchawi hautaji. Kama karata hizi zingekuwa chombo cha ramli wakati ule, huyo angekuwa wa kwanza kusema.

Basi Firauni alitoka wapi? Alitoka Paris, mwaka 1781. Mchungaji na mwanazuoni mmoja, Antoine Court de Gébelin, katika juzuu ya nane ya kitabu chake kikubwa kuhusu dunia ya kale, alieleza kwamba siku moja aliwakuta watu wakicheza taroti, mchezo ambao Paris ulikuwa umeshasahaulika, na hapo hapo akatambua kuwa ni kitabu cha hekima cha Misri kilichofichwa ndani ya mchezo. Akadai hata jina ni la Kimisri: tar ni njia, ro ni ya kifalme. Angalia tarehe, dada yangu. Jiwe la Rosetta, lililotoa ufunguo wa kusoma Kimisri cha kale, lilichimbuliwa mwaka 1799. Mwanazuoni Mfaransa, Champollion, aliyasoma maandishi ya Kimisri mwaka 1822. Mwaka 1781 hakukuwa na mtu hai duniani anayeweza kusoma neno moja la makuhani wale. Na ilipowezekana kuyasoma, taroti haikuonekana humo.

Wajipsi nao, ambao wenyewe hujiita Waroma, wanaingizwa kwa sababu jina hilo la Jipsi limetokana na Egypt, yaani Misri kwa Kiingereza. Wazungu waliwadhania ni Wamisri, kumbe asili yao ni India. Makundi yao ya kwanza yanaonekana Ulaya magharibi katika karne ya 15, karata zikiwa zimeshatangulia kufika. Taroti hawakuileta wao.

Ramli ya taroti yenyewe, ushahidi wake wa mwanzo ni karatasi moja ya Bologna, ya karibu mwaka 1750, inayoorodhesha maana za karata 35. Ni maana za nyumbani kabisa, kama safari, mapenzi na pesa. Baada ya Court de Gébelin biashara ikachanganya. Mwuza picha wa Paris aliyeitwa Alliette aligeuza jina lake nyuma mbele likawa Etteilla, akaandika vitabu, akatoza ada, na mwaka 1789 akatoa pakiti yake ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa kutabiria. Katika miaka ya 1850 Éliphas Lévi, mwandishi Mfaransa wa elimu za siri, akazifunga zile 22 na herufi 22 za Kiebrania. Kila mmoja alijenga ghorofa juu ya msingi wa mwenzake, na hakuna aliyeshuka chini kuutazama msingi. Aliyeshuka ni Michael Dummett, mwanafalsafa wa Oxford, ambaye mwaka 1980 alitoa kitabu kinene kuonyesha kwamba kwa muda mwingi wa maisha yake taroti ilikuwa mchezo. Mengi ninayokueleza hapa yanaegemea kazi yake.

Turudi kitandani kwako. Kwa maelezo yako, pakiti hiyo ni ya mchoro uliotoka London mwaka 1909. Kwenye pakiti za zamani za mtindo wa Marseille, Ufaransa, Kifo ni mifupa inayotembea na kufyeka kwa mundu mrefu, na mara nyingi karata hiyo haiandikwi jina kabisa. Yako ina deraya nyeusi, farasi mweupe, bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Tazama zaidi: chini ya farasi mfalme amelala, taji limemdondoka, mbele askofu amesimama na mavazi ya dhahabu, na mtoto mdogo amepiga magoti, anamtazama mpanda farasi bila woga. Kule nyuma, kati ya minara miwili, jua. Kwenye pembe ya chini ya karata tafuta alama ndogo iliyojisokota kama mmea. Ni herufi za jina la mchoraji, Pamela Colman Smith, mwanamke aliyezaliwa London mwaka 1878 kwa wazazi Wamarekani, na sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika. Aliyemwagiza ni Arthur Edward Waite, na mchapishaji alikuwa kampuni ya Rider. Pakiti ikaitwa kwa majina ya hao wawili, Rider na Waite. Mwaka ule ule Pamela alimwandikia rafiki yake kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo mno. Alifariki mwaka 1951, na pakiti ikaja kuwa maarufu kuliko zote duniani. Mimi kila nikiiona nalifikiria hilo kwanza, kabla ya mifupa.

Ubunifu wake mkubwa ni kwamba alichora visa vya watu hata kwenye karata ndogo, ambako zamani palikuwa na panga tatu tu au vikombe vitano tu. Ndiyo maana kila karata unayoishika inaonekana inataka kukuambia kitu. Ni kazi ya mchoraji hodari.

Zina nguvu? Karatasi na wino havina. Lakini nisikudanganye kwamba anayesomewa hahisi chochote. Anahisi, na ipo namna jambo hilo linavyofanya kazi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha kila mmoja akapewa karatasi ya matokeo "yake". Wakaambiwa waipe alama kutoka sifuri hadi tano jinsi inavyowaelezea. Wastani ukawa 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, ameyakusanya kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa vibandani. Maneno kama "una uwezo ambao hujautumia" au "wakati mwingine una shaka kama uliamua sawa" yanamkaa kila mtu kama kanzu ya saizi moja. Ongeza picha inayogusa moyo, ongeza mtu anayekusikiliza na kuushika uso wako kwa macho, utamaliza mwenyewe kazi ya kuunganisha.

Na hiyo karata ya kifo? Ukitoa karata tatu katika 78, uwezekano wa Kifo kuwemo ni mmoja katika 26. Mtu anayewasomea watu 26 kwa siku atamtolea mmoja wao, kwa wastani, kila siku. Akitandaza kumi, inatokea takriban mara 13 katika kila 100. Tena hiyo ni kama kweli amechanga. Mdogo wako hakuona mkono wa mtu; alitumiwa picha. Mwenye kutuma picha anachagua itoke ipi. Hata wasomaji wa taroti wenyewe, wale wanaoiamini, kwa desturi yao Kifo hukisoma kuwa mwisho wa jambo na mwanzo wa jingine. Hawamtabirii mtu mauti ya baba yake. Aliyemtisha mdogo wako hafuati hata mila ya fani yake. Anafuata ile ya mtu aliyeshika kisu: toa pesa au yakupate. Na atakayetoa mara ya pili ataombwa ya tatu, kwa sababu ameshaonyesha kuwa anatoa.

Kwa hiyo, la Muscat. Usianze kwa kumwambia mdogo wako ni mjinga. Yuko mbali, yuko peke yake, na ametajiwa mauti ya mzazi. Wengi wetu tungetuma. Mpigie simu, umweke baba mwenyewe aongee naye wacheke. Hiyo ni dawa ya kwanza, na ni ya bure. Kisha apige picha za ujumbe wote, namba, na risiti za pesa alizotuma, akupe nakala, ndipo amzuie huyo mtu. Kama pesa ilipokelewa Tanzania, nenda kituo cha polisi wewe mwenyewe na nakala hizo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kutishia mtu mtandaoni ili atoe pesa si jambo ambalo polisi hawalijui. Kama mtu huyo yuko Oman, aanzie ubalozi wa Tanzania Muscat. Sikuahidi pesa itarudi. Mara nyingi hairudi. Ila kuna jambo haliwezekani kwa barua kama hii, nalo ni kujua hali yake ya ndani. Akiwa hapati usingizi, hali chakula, au anasema maneno ya kukata tamaa, hiyo si kesi ya karata tena. Atafutiwe daktari huko huko, na ubalozi uambiwe. Nawe pia, usingizi ukiendelea kukupaa hata baada ya pakiti kuondoka kabatini, nenda kituo cha afya ukaonane na mtu ana kwa ana. Usione aibu.

Kuhusu dini, mimi si sheikh. Kupiga ramli na kamari vimekatazwa katika Uislamu, na kanisani pia utaambiwa usiende kwa watabiri. Ukitaka kujua kama yafaa kuviweka vitu hivi nyumbani, muulize imamu wako, na jibu lake ulichukue. Ninachotenganisha mimi ni mambo mawili: kitu kinaweza kukatazwa kutumiwa bila kuwa na jini ndani yake.

Kuchoma nakukatalia kwa sababu moja ya kawaida kabisa: si mali yako. Ni kitu cha mgeni kilichosahaulika, sawa na miwani au chaja. Kipeleke mapokezi leo, kiandikwe kwenye daftari la vilivyookotwa na tarehe na namba ya chumba, ili kesho asije mtu kusema umekiiba. Huenda kwake ni kumbukumbu ya mama yake. Wamwandikie.

Thamani? Kwa kuwa ni mchoro huo wa 1909, karibu yakini ni nakala ya kiwandani ya miaka ya karibuni. Tazama boksi: likiwa na mistari ya kuchanganua bei, jibu unalo. Zile za uchapaji wa mwanzo zina wanunuzi wake, lakini hazitambuliwi kwa picha ya simu. Anayejua hushika karatasi, hutazama nukta za wino kwa lenzi na mchoro wa mgongoni. Mgeni akisema hazitaki na wewe una shaka, mpelekee mtu wa makumbusho azione mkononi, na usizisafishe kwa maji kabla ya hapo.

Na ikitokea mgeni amejibu "bakini nazo", na imamu hana neno, mfanyieni mwenzako wa zamu jambo moja. Toeni zile 22. Toeni wapanda farasi wanne. Toeni nane, tisa na kumi za kila rangi, karata 12. Zinabaki 40. Malkia mhesabieni mbili, yule kijana tatu, mfalme nne, yaani mzungu wa pili, wa tatu na wa nne. Saba ni kumi, na ree kumi na moja. Jumla yake 120, mwenye kufika 61 ameshinda. Mwachieni yeye achange.